Chanjo hai ya homa ya nguruwe kwa jike mwenye mimba? Hapana

Ndugu yangu, umeuliza kama umchome nguruwe wako mwenye mimba, huko Busia, chanjo ya homa ya nguruwe ya Afrika kutoka Vietnam, kwa kuwa jirani anasema atakupatia. Tafadhali usimchome.

Chanjo ile ni kirusi hai kilichopunguzwa makali. Vietnam iliiidhinisha Juni 2022, ikaisimamisha Agosti baada ya nguruwe waliochanjwa kufa. Iliporuhusiwa nchi nzima Julai 2023, ililenga nguruwe wa nyama, si majike wa kuzalisha. Tena imetokana na kirusi cha Georgia cha 2007, jamii tofauti na kile kinachosumbua Kenya na Uganda, kwa hiyo unaweza kuhatarisha mimba bila kupata kinga.

Denmark waliumia 1996 kwa chanjo hai ya ugonjwa mwingine wa nguruwe, PRRS, unaoharibu mimba na upumuaji: kirusi cha chanjo kilirudisha makali, kikafika hata mabanda yasiyochanja, mimba zikaharibika.

Nguvu zako ziweke bandani. Mabaki ya hotelini yachemshe kabisa au uache kuyalisha. Dume wa kuazima usimlete. Nguruwe akipata homa, mwite daktari wa mifugo kabla hujauza wala kuchinja yeyote.