Ukuta wa matumbawe hautaki saruji

SWALI: Nyumba yetu ya urithi ipo Kiponda, Mji Mkongwe, Zanzibar. Mwaka juzi fundi alibandua lipu ya zamani sehemu ya chini akapiga ya saruji. Sasa imefura na inatoa unga mweupe, na juu yake, palipokuwa pakavu, rangi inababuka. Fundi mwingine anashauri saruji nzito yenye dawa ya kuzuia maji, kisha marumaru hadi kiunoni. Tukubali?

JIBU: Msikubali. Mwulizeni huyo mwenye dawa: maji yaliyokwisha kuingia ukutani yatatokea wapi?

Ukuta wenu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikana kwa chokaa na udongo. Hunywa maji ya ardhini, kisha huyatoa kupitia lipu ya chokaa. Mmeziba njia hiyo, kwa hiyo maji yanapanda hadi pale saruji inapoishia. Ndiyo sababu rangi inababuka juu. Unga mweupe ni chumvi. Maji yakikauka, chumvi huganda ndani ya vitundu vya jiwe na kuvisukuma mpaka vimeguke. Kwangueni kwa ukucha pembeni mwa pale palipofura, mtaona chokaa ya katikati ya mawe ikimwagika.

Kila wiki naambiwa saruji ni bora kwa sababu ni ngumu. Ugumu huo ndio ubaya wake! Ukuta wa matumbawe hucheza kidogo, na chokaa hucheza nao. Saruji hupasuka, mvua huingia kwenye ufa, na ikiingia haina pa kutokea. Rangi ya plastiki nayo ni maradhi yaleyale.

Chukueni kwanza kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Rekebisheni mlizamu na bomba la choo. Saruji ibanduliwe kwa tindo, pole pole, na ukuta uachwe miezi ukauke. Kisha pigeni lipu ya chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa shimoni, kwa mchanga usio wa pwani.

Lakini mimi naogopa zaidi boriti. Vichwa vyake vimezama ukutani. Ukuta ukilowa, huoza humo ndani huku katikati, mnapopaona, pako sawa kabisa. Chomekeni bisibisi pale boriti inapoingia ukutani: ikizama bila kulazimishwa, msilale chini yake. Na juu ya boriti hizohizo watu wanapandisha matangi ya maji, wanamwaga zege, wanaongeza vyoo vya wageni. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani la 1883 hapo hapo Mji Mkongwe, lilimeguka sehemu mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake wa mbele ukaporomoka na kuua watu wawili, ukarabati ukiwa unaendelea. Hilo lilikuwa na nguzo za chuma na wataalamu ndani yake. Nyumba za vichochoroni zinakaguliwa na nani? Na fundi anayeahidi kumaliza kazi ndani ya wiki moja, mpeni nauli arudi kwao.