Maswali ya wasomaji: Jongoo ndani ya kaharabu, unamjuaje ni wa kundi gani?

Toleo lililopita tuliweka habari fupi na picha ya jongoo mdogo, Burmanopetalum inexpectatum, aliyenaswa kwenye kaharabu ya Myanmar miaka kama milioni 99 iliyopita, yaani utomvu wa mti ulioganda ukawa jiwe naye akabaki humo. Barua zimekuja nyingi. Nimechagua hizi, na zilizouliza kitu kimoja nimeziunganisha.

SWALI: Shikamoo. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Morogoro. Wanafunzi wameniuliza, huyo mdudu yuko ndani ya jiwe, huwezi kumtoa wala kumpasua, sasa wataalamu wanajuaje ni jongoo na sio tandu au kiwavi tu? Na wakishajua ni jongoo wanampangaje kwenye kundi lake?

JIBU: Marahaba mwalimu, na wanafunzi wako wasalimie, wameuliza swali lenyewe kabisa.

Jongoo anatambulika kwa miguu, ila sio kwa wingi wake. Ukihesabu kutoka kichwani, pingili ya kwanza haina miguu, tatu zinazofuata zina jozi moja moja, halafu kuanzia hapo kila pingili inabeba jozi mbili mpaka karibu na mkia. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili mwili mzima, na jozi yake ya kwanza imegeuka kuwa meno ya sumu chini ya kichwa. Kiwavi ana miguu mitatu ya kweli kila upande kifuani, ile mingine ya nyuma ni vinundu vya nyama tu. Kwahiyo hata kama kichwa kimekatwa na mtu aliyekuwa anang'arisha jiwe, ukipata pingili nne tano za katikati zinazoonekana vizuri unaweza kusema huyu ni jongoo bila wasiwasi.

Kumpa oda, yaani kundi kubwa lenye familia, jenasi na spishi ndani yake, ndo kazi inaanza. Majongoo walio hai leo wako kwenye oda 16 na nyingi zina alama zinazoonekana kwa nje. Polyxenida ni wadogo wa milimita chache, ngozi laini, wamejaa nywele ngumu na mkiani wana fungu la nywele kama brashi, huyo hata mwanafunzi wako atamjua mara ya kwanza. Polydesmida hawana macho, wengi wana pingili kama 20 na kila pingili imetanuka pembeni. Siphonophorida kichwa kimechongoka kikawa mdomo mrefu mwembamba, macho hakuna, pingili nyingi. Chordeumatida wana vinywele sita juu ya kila pingili na mkiani vitundu vya kutolea nyuzi. Wale wanene wa mviringo kama bomba tunaowaona mvua ikinyesha wengi wako Spirostreptida, na yule mkubwa wetu wa Afrika Mashariki, Archispirostreptus gigas anayepita sentimita 30, ni wa huko huko.

Spishi ni habari nyingine. Kwa majongoo wengi jina la spishi linategemea dume, maana kwenye pingili ya saba miguu yake imebadilika ikawa viungo vya kupandia vinavyoitwa gonopodi, na kila spishi ina vya umbo lake. Hata kwa walio hai iko hivyo hivyo. Henrik Enghoff wa Denmark ameeleza spishi nyingi mpya kutoka milima ya Udzungwa, hapo hapo mkoani kwako mwalimu, na ukifungua makala zake michoro inayobeba hoja ni ya gonopodi, majongoo wawili unawaona mapacha kabisa kwa nje mpaka uangalie pale. Sasa fikiria dume huyo kajikunja ndani ya jiwe, pingili ya saba iko kwa ndani, mbele yake kuna kiputo cha hewa na vumbi la magome. Zamani ilikuwa basi.

Siku hizi kuna skani ya eksirei ya 3D, jiwe linazungushwa taratibu linapigwa picha nyingi sana, kompyuta inaziunganisha, halafu unamgeuza jongoo kwenye skrini utakavyo na kufuta kaharabu yote inayomzunguka, jiwe halijaguswa. Sio kila jiwe linakubali, kama mwili na kaharabu vinazuia mionzi sawasawa picha inatoka hafifu. Kwahiyo hadubini bado inatumika, wanasaga jiwe kidogo kidogo mpaka uso bapa ufike karibu na mdudu, wanaweka tone la gliserini na kioo chembamba juu ili mwanga usipinde, halafu wanakaa nalo.

Na kuna tatizo la watoto. Jongoo akitoka kwenye yai kwa kawaida ana jozi tatu tu za miguu, anaongeza pingili na miguu kila anapojivua. Ukipata mtoto mwenye pingili chache ukamlinganisha na mkubwa unaweza kuunda spishi ambayo haijawahi kuwepo duniani. Ndo maana mimi nawaheshimu sana watafiti wanaoandika oda peke yake wakaishia hapo. Jongoo jike, mtoto, nusu kafunikwa na ukungu mweupe, andika oda, weka namba ya jiwe, mwachie atakayekuja na mashine nzuri zaidi.

SWALI: Huyo Burmanopetalum mliyemwandika ana milimita nane tu na yuko mmoja, halafu ni jike. Rafiki yangu mmoja anayesoma zuolojia kanieleza kwamba jike hatoshi. Imekuaje wakampa oda ndogo nzima (tawi zima ndani ya oda) peke yake? Naona kama wamezidisha. Msomaji, Mombasa.

JIBU: Kaka, rafiki yako yuko sahihi kwa kanuni, lakini hapa kesi ni tofauti. Burmanopetalum inexpectatum alielezwa 2019 na Pavel Stoev wa makumbusho ya Sofia, Bulgaria, pamoja na Leif Moritz na Thomas Wesener wa Makumbusho ya Koenig kule Bonn, Ujerumani. Ni wa oda ya Callipodida. Urefu milimita 8.2, na wenzake walio hai leo, ambao wako kusini mwa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, wengi ni wakubwa kuliko yeye mara kadhaa.

Jike hatoshi pale unapotaka kutenganisha spishi mbili za jirani. Hapa swali lilikuwa ngazi ya juu zaidi, je anaingia kwenye matawi ya Callipodida tunayoyajua? Na hapo alikataa. Jicho lake lina vilenzi vitano tu, wenzake wengi wana mara mbili au tatu ya hivyo. Kibamba cha chini kabisa mkiani hakina nywele hata moja wakati Callipodida wengine wote wanazo. Alama za namna hiyo hazitegemei jinsia. Na alitolewa kwenye rundo la majongoo 529 wa kaharabu hiyo hiyo, wote walipitiwa, wa aina yake akawa yeye tu. Mimi naona walikuwa na haki, wamesema wazi msingi wao ni jongoo mmoja, na skani iko pale anayepinga aiangalie. Akipatikana dume kesho hoja itapimwa upya.

SWALI: Nimesoma mahali kwamba oda 13 kati ya 16 za leo zilishakuwepo enzi za dainosaria. Kwahiyo majongoo hawajabadilika? Nairobi.

JIBU: Hiyo ni hesabu ya Wesener na Moritz ya mwaka 2018. Walipitia majongoo zaidi ya 450 wa kaharabu ya Kachin, kaskazini mwa Myanmar, wakakuta oda 13, na kwa karibu nusu ya oda hizo hawa ndo visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale, vya zamani kuliko vyote vinavyojulikana. Kinachonigusa zaidi ni kwamba kabla yao spishi zilizokuwa zimeelezwa kutoka kaharabu hiyo zilikuwa tatu tu! Ya kwanza, ile tunayoiita sasa Phryssonotus burmiticus, mtafiti Cockerell aliieleza 1917, halafu miaka mia moja ikapita karibu kimya. Mawe yalikuwepo, majongoo walikuwepo, ila macho yalikuwa kwenye manyoya ya dainosaria na mijusi. Makala yao ile ile ililazimika pia kusahihisha picha za majongoo na tandu zilizopewa majina yasiyo sahihi kwenye kitabu kilichotoka 2017, na kosa likishachapishwa wauzaji wa mawe wanalinakili miaka na miaka.

Kuhusu kutobadilika, nenda taratibu dada. Oda kuwepo ni kama kusema ukoo ulikuwepo, haina maana mtu ni yule yule. Wapo waliokaa karibu vile vile, Siphonophora hui aliyeelezwa 2019 wamemweka kwenye jenasi iliyo hai mpaka leo. Wapo kama Burmanopetalum ambao tawi lao halina mtu tena. Na usisahau utomvu unachagua. Kule Madagaska watafiti waliweka mitego kwenye miti ya msandarusi wakalinganisha na wadudu walionaswa kwenye utomvu wake, makala ikatoka 2018, ikaonekana utomvu unaonyesha zaidi wale wanaoishi au kupita kwenye shina. Jongoo wa kuchimba udongo anahitaji bahati, au utomvu udondoke mpaka chini. Kwahiyo oda tatu zilizokosekana usiseme hazikuwepo.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Muscat, nimeuziwa tasbihi, kuna punje moja ina jongoo ndani, mkubwa mzuri kanyooka. Muuzaji kasema kaharabu ya miaka milioni. Nitajuaje?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Kwa maelezo yako nina shaka, nakwambia wazi. Jongoo wa kweli mara nyingi kajikunja, miguu mingine haionekani, pembeni kuna viputo, nywele za mimea, ufa, pengine sehemu yake imekatwa na msasa. Aliyenyooka katikati ya punje, miguu yote imepangwa, aghlabu ni mdudu wa juzi amemiminiwa plastiki.

Koroga chumvi kwenye maji mpaka isiyeyuke tena, kisha weka punje ile bila uzi. Kaharabu inaelea, plastiki nyingi zinazama, ingawa zipo zinazoelea kwahiyo hicho sio kipimo cha mwisho. Halafu chukua asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, weka tone dogo sehemu isiyoonekana. Kaharabu ya kweli haishtuki, sandarusi, yaani utomvu ulioganda ambao bado haujawa kaharabu, inanata. Sindano ya moto usitumie, inaharibu.

Sandarusi naitaja maana ndo inayouzwa sana kwa jina la kaharabu, na sisi tunaifahamu, ni utomvu wa msandarusi, Hymenaea verrucosa, mti wa pwani yetu na Madagaska, Zanzibar iliuza sana nje karne ya 19 kwa ajili ya vanishi. Ile ya Madagaska ilipopimwa umri ilionekana ni ya juzi tu, mingine haifiki hata miaka mia chache. Ila usiidharau. Kaharabu ya Jamhuri ya Dominika, yenye majongoo wazuri sana wa miaka kama milioni 15 mpaka 20, ilitoka kwenye mti wa jenasi hiyo hiyo, na ndugu yake wa karibu kwa walio hai ni huyu huyu msandarusi wetu. Kwahiyo hata punje yako ikiwa sandarusi na jongoo ni wa kweli, mtu wa makumbusho anaweza kumtaka, mradi ujue ilichimbwa wapi. Muulize muuzaji hilo na uliandike.

SWALI: Nikitaka kununua jiwe la Myanmar mtandaoni kwa ajili ya klabu yetu ya shule mnashauri? Arusha.

JIBU: Mimi nashauri msinunue. Migodi ya Kachin iko kwenye eneo la vita kati ya jeshi la serikali na wapiganaji wa Kachin, jeshi liliishika migodi 2017, na mwaka 2020 chama cha wataalamu wa visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kiliyaandikia majarida kuomba wasichapishe tafiti za kaharabu iliyotoka huko baada ya jeshi kuishika migodi. Wapo wanaopinga, wanasema mawe yatauzwa kwa masonara na sayansi itapoteza, na hoja yao ina uzito. Lakini klabu ya shule haina haja ya kuingia humo. Okoteni majongoo waliokufa wenyewe kwenye shamba la shule, hesabuni pingili, tafuteni madume kwa kuangalia pingili ya saba. Mkishajua kumsoma aliye mkononi, picha za skani zilizowekwa bure mtandaoni mtazielewa.

SWALI: Kuna siku watatoa DNA ya hao majongoo? Na ni kweli kulikuwa na jongoo wa mita mbili, naye yumo kwenye kaharabu? Mwanafunzi, Songea.

JIBU: DNA hapana. Madai ya miaka ya 1990 waliporudia wengine hayakutoka tena, na hata kwenye nyuki wa sandarusi ya karibuni wametafuta wakakosa.

Wa mita mbili ni kweli, ni Arthropleura. Kipande kilichopatikana ufukweni Northumberland, Uingereza, na kuchapishwa 2021 kinakadiriwa kutoka kwa mnyama wa mita 2.6 hivi. Ila aliishi zaidi ya miaka milioni 290 iliyopita, na kwa ukubwa ule hakuna tone la utomvu lingemshika. Kichwa chake kilikuwa hakijulikani mpaka 2024, waliposkani watoto wake waliohifadhiwa kwenye mawe ya Montceau-les-Mines, Ufaransa, wakakuta kina alama za jongoo na alama nyingine za tandu kwa pamoja.