Jibu: Kuunda ndege ya vipande nyumbani, Kigamboni

Ndugu yangu, umeuliza kama banda lako la gari linatosha kuundia ndege ya vipande, yaani ile inayouzwa kwa vipande ili mwenyewe uiunganishe, na kama hewa ya bahari itaiharibu alumini.

Nafasi isikutie wasiwasi sana, kwa sababu mkia, mabawa na kiwiliwili hujengwa kimoja baada ya kingine, na mabawa unaweza kuyafunga mwishoni kabisa, uwanjani. Ila upime mlango kwanza. Chumvi ndiyo adui. Pwani yetu ina unyevu mwaka mzima, hivyo kila bati lisafishwe mafuta ya mikono, likauke, kisha lipakwe praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga bati, upande wa ndani, kwani bawa likishafungwa hutapafikia tena kwa urahisi. Ribiti, ule msumari mfupi wa kuunganishia mabati, ya unene wa milimita 3.2 iliyogongwa vizuri, ncha yake hutanuka hadi milimita 4.8 hivi na kubaki na kimo cha milimita 1.6, iliyolala upande ing'olewe, usiionee huruma. Kingo za kila tundu la ribiti nazo zilainishwe, maana nyufa hupenda kuanzia hapo.

Tafadhali sana, iandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla ya kuagiza hata kipande kimoja, ujue watataka kukagua nini bawa likiwa bado wazi.