Dakika 15 mbele ya watu: hotuba hutengenezwa mezani

Dada mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii mkoani Njombe, ameniandikia wiki hii. Ameombwa azungumze kwa dakika 15 kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, na mada aliyopewa ni udumavu. Ameshaandika kurasa 9 zilizochapwa, sasa anauliza aanze na maneno gani ili watu watulie wamsikilize.

Dada yangu, maneno ya kuanzia yaache kwanza. Kurasa 9 ni kama maneno 3,600. Anayezungumza mbele ya umati kwa mwendo unaosikika hadi nyuma hutoa maneno 100 hivi kwa dakika. Ulichoandika ni hotuba ya zaidi ya nusu saa, na umepewa robo saa, tena robo saa ambayo itifaki itaanza kuila kabla hujafika kwenye mada. Hotuba nyingi zinazochosha watu haziharibiwi na woga wala sauti ndogo. Zinaharibika mapema, pale msemaji anapokusanya kila alichokipata bila kuamua wasikilizaji waondoke na kitu gani. Naliamini hili kwa dhati, na nitalirudia.

Kwa hiyo anza na sentensi moja. "Umuhimu wa lishe bora kwa watoto" ni jina la mada tu, halikusaidii kuchagua chochote. Lengo linalofaa humtaja mtu, tendo na wakati: "Kila mzazi au mlezi mwenye mtoto wa miezi 6 hadi 23 aondoke akijua kiasi na aina ya chakula cha kumpa mtoto jioni hii." Iandike juu kabisa ya karatasi yako. Kila takwimu na kila mfano ukija, uliza unaisaidiaje sentensi hiyo. Usiposaidia, uweke pembeni, hata kama ulihangaika siku nzima kuupata. Hapo ndipo wasemaji wengi wanaposhindwa, kwa sababu wanaona uchungu kutupa jasho lao.

Kisha mpigie simu mwandaaji, umuulize nani watakuwepo hasa. Wakija akina mama peke yao, hotuba ni moja. Wakiwepo akina baba na mabibi, ni nyingine, maana anayepika uji mara nyingi siye anayeamua kama mayai yataliwa nyumbani au yatapelekwa sokoni. Uliza saa utakayosimama, nani anatangulia, kama kuna kipaza sauti, na kama watu watakuwa wamekaa kivulini au wamesimama juani. Waliosimama juani hawavumilii hoja tatu. Wape mbili.

Sasa utafiti. Kata karatasi ziwe kadi, na kila kadi ibebe jambo moja tu: taarifa yenyewe, nani aliitoa, mwaka gani, ukurasa wa ngapi, na walihesabiwa watu gani. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachowaumbua watu maswali yakianza. Ukiwa na kadi 30 au 40 umekusanya vya kutosha. Kwenye hotuba yenyewe zitaingia taarifa za kadi 8, pengine 10.

Vyanzo viko karibu kuliko unavyodhani. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huweka ripoti zake kwenye tovuti, zikiwemo za Sensa ya 2022 na za utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022. Afisa lishe wa halmashauri yako anazo takwimu za wilaya. Zahanati ina daftari la kliniki ya watoto. Baada ya hapo kaa na mama wawili watatu na bibi mmoja, uwaulize uji wanaukoroga na nini, na mtoto hula mara ngapi kwa siku. Takwimu inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila jina la ripoti usiiguse. Hata jibu la programu ya akili mnemba usilipandishe jukwaani hadi uifungue ripoti yenyewe na kuiona namba kwa macho yako, kwa kuwa programu hizo hutunga namba na vyanzo kwa lugha nzuri inayoshawishi.

Tukae kidogo kwenye namba, maana hapa ndipo hotuba za afya zinapopotoka. Udumavu kwa watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Njombe ulikuwa asilimia 49.4 katika utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2015-16, asilimia 53.6 katika utafiti wa taifa wa lishe wa 2018, na asilimia 50.4 ule wa Afya ya Uzazi na Mtoto uliporudiwa 2022. Msemaji mmoja atachukua mbili za mwisho na kutangaza kwamba udumavu unashuka. Mwenzake atachukua ya kwanza na ya mwisho, aseme unapanda. Wote wawili wana karatasi mkononi, na wote wanawapotosha watu. Hizi ni tafiti za sampuli: watoto waliopimwa ni wachache waliochaguliwa, hivyo tofauti ya asilimia moja haitoshi kuitwa ongezeko. Isitoshe, tafiti mbili za aina tofauti hazilinganishwi kana kwamba ni moja. Kinachoweza kusemwa bila kumdhulumu yeyote ni hiki: kwa miaka hiyo yote, karibu nusu ya watoto wa mkoa huu wamedumaa, wakati kwa taifa zima asilimia imeshuka kutoka 34 hadi 30.

Angalia pia neno "wamedumaa" linabeba nini. Linamaanisha urefu mdogo kuliko unaotarajiwa kwa umri wa mtoto. Halimaanishi kwamba nusu ya watoto wanalala njaa. Ukisema hivyo Njombe, mkoa wa mahindi, viazi na parachichi, mkulima aliyevuna magunia 40 atakuona hujui unachosema, na atakuwa na haki. Ukweli wenyewe una nguvu zaidi: mwaka 2022 mikoa iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa Iringa, asilimia 56.9, Njombe, na Rukwa, asilimia 49.8, yote ni mikoa inayozalisha chakula kwa wingi. Hapo msikilizaji anajiuliza mwenyewe, "Sasa kama chakula kipo, kwa nini?" Swali hilo likishaingia kichwani mwake, umempata.

Unapoisema namba jukwaani, desimali iache kwenye kadi. Sema "watoto 50 katika kila 100", taja utafiti na mwaka kwa pumzi moja, kisha ilete nyumbani: "Kama hapa tuna watoto 60 wadogo, tungetarajia 30 hivi kati yao." Kisha nyamaza kidogo. Namba moja iliyoelezwa hivyo inatosha kwa hoja moja. Ukipanga tano mfululizo, hakuna atakayekumbuka hata moja.

Namba peke yake haiwezi kuinyanyua hotuba. Kwa kila hoja tafuta tegemeo la pili la aina nyingine: mfano wa kweli, kauli ya mtaalamu unayemtaja cheo, au kitu cha kuonyesha. Mfano wa kweli kijijini una hatari yake. Hata usipomtaja mama kwa jina, watu watamjua. Omba ruhusa, au tumia mfano wa mbali.

Kitu cha kuonyesha ndicho ningekiwekea nguvu kubwa kwenye mada hii. Beba bakuli la mililita 250 na kijiko cha chakula. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto akitimiza miezi 6 anaanza na vijiko 2 hadi 3 kwa mlo na kuongezewa polepole hadi nusu bakuli, milo 2 hadi 3 kwa siku. Miezi 9 hadi 11 ni nusu bakuli. Kuanzia miezi 12 hadi 23 ni robo tatu hadi bakuli zima, na katika umri wa miezi 9 hadi 23 milo ni 3 hadi 4. Kunyonya kunaendelea muda wote huo. Pima mbele yao, inamisha bakuli walione. Tia alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye nusu na robo tatu, nje ya bakuli, ziwe nene kiasi cha kuonekana kutoka mstari wa nyuma. Mzazi ambaye amekuwa akimpa mtoto wa mwaka mmoja vijiko vinne vya uji mwepesi ataona mwenyewe pengo lilipo.

Kwenye mpangilio, mada hii inataka tatizo, chanzo, suluhisho, kwa mfuatano huo. Alan Monroe wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, aliupanua mtindo huu katika miaka ya 1930 ukawa hatua tano: kuvuta usikivu, kuonyesha hitaji, kuleta suluhisho, kuwafanya watu waone maisha yatakavyokuwa wakilifuata, na kuwaita watende. Unafaa pale unapotaka watu wafanye kitu. Kwa kueleza historia au utaratibu, fuata tu wakati au hatua.

Hoja kuu zisizidi tatu, na ziwe fupi kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Mwalimu Nyerere alipowatangazia Watanzania vita dhidi ya Idi Amin, Novemba 1978, uamuzi mzito vile aliusimamisha juu ya nguzo tatu tu: uwezo, sababu na nia. Watu ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile wanazitaja zote tatu hadi leo. Kwako wewe, kwenye sehemu ya suluhisho, zinaweza kuwa kiasi, mchanganyiko wa vyakula na idadi ya milo.

Gawa muda kabla ya kuandika upya. Itifaki na salamu, dakika 1. Ufunguzi, dakika 1 na nusu. Tatizo, 3. Chanzo, 3. Suluhisho pamoja na bakuli, 4. Hitimisho, 1 na nusu. Inayobaki ni akiba ya makofi, kelele za watoto na kipaza sauti kinachokatika. Kati ya sehemu na sehemu weka sentensi ya kuvuka, kama "Tumeona ukubwa wake, sasa tuone unaingiaje nyumbani kwetu." Msikilizaji hana karatasi ya kurudi nyuma kusoma, hivyo usipomwonyesha umefika wapi atapotea. Ufunguzi uandike mwisho, ukishajua unachofungua. Dada, hilo ndilo jibu la swali lako, na ukifika hapo utaona swali la mkoa wenye chakula na watoto waliodumaa linajifungulia lenyewe.

Jukwaani usipande na kurasa. Kadi 5 mpya za kuzungumzia, siyo zile za utafiti, zinatosha: maandishi makubwa, maneno ya kukumbushia tu, isipokuwa takwimu na vyanzo vyake ambavyo vinaandikwa vyote kamili. Zipe namba, maana upepo upo. Soma kwa sauti ukiwa umesimama, saa mezani, angalau mara tatu. Kusoma kimyakimya kunakudanganya, kwani macho hukimbia kuliko mdomo.

Na kabla hujatoka nyumbani, chukua kalamu nyekundu uzungushie vitu vitatu: takwimu moja, bakuli, na ombi la mwisho. Ratiba ikichelewa na mshereheshaji akaja kukunong'oneza kwamba una dakika 5, utatoa hivyo vitatu kwa mwendo wako wa kawaida, bila kukimbiza maneno, na kadi nyingine zitabaki mkobani.