Kabla ya Kuikata Diski: Windows na Linux katika Kompyuta Moja

Mara ya kwanza nilipojaribu kuweka mifumo endeshi miwili katika kompyuta moja, umeme ulikatika. Nilikuwa nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi, usiku, na laptopu yangu ilikuwa ya mtumba, betri yake imebaki mahali pake kama pambo tu. Programu ya kugawa diski ilikuwa imefika asilimia 61, ikiisogeza partisheni ya Windows, yaani sehemu ya diski inayokaa Windows, ili Linux ipate nafasi mwanzoni mwa diski. Jenereta ya jirani ilipoanza kunguruma, ankara za miaka miwili za duka la dada yangu zilikuwa zimekwisha kupotea.

“Yaya, utanipa zile fakture lini?” aliniuliza asubuhi; “yaya” kwetu ni ndugu mkubwa, na fakture ni ankara. Nilimjibu kesho, na kesho hiyo haijafika hadi leo.

Tangu hapo nimefanya kazi hii kwenye kompyuta nyingi za ndugu na marafiki, na maombi yaliongezeka baada ya Windows 10 kukoma kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa sababu mashine nyingi za mtumba tunazonunua hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 inaidai. Wenye mashine hizo hawawezi kuiacha Windows kabisa, kwa kuwa programu yao ya uhasibu haifanyi kazi kwingine, lakini wanahitaji mfumo unaoendelea kupata masasisho kwa ajili ya intaneti. Kila mmoja huwa na haraka ya kuiona Linux. Mimi huwaomba tutumie muda mwingi zaidi kabla ya kuigusa diski.

Kosa langu la usiku ule halikuwa umeme peke yake. Kuipunguza partisheni kutoka mwishoni ni kazi ndogo: mfumo huhamisha mafaili machache yaliyoko huko na kuandika mpaka mpya. Kuusogeza mwanzo wake ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa data yote iliyomo hulazimika kunakiliwa mahali papya, na kwenye diski ya kuzunguka yenye mamia ya gigabaiti kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi. Kwa hiyo usiusogeze mwanzo wa partisheni ya Windows. Ikate mwishoni, uikate ukiwa ndani ya Windows yenyewe, betri ikiwa imejaa, na nakala rudufu ya kazi zako ikiwa kwenye diski nyingine iliyochomolewa na kuwekwa kando.

Katika Windows ya Kifaransa, ambayo ndiyo tunayoitumia wengi hapa, fungua “Gestion des disques”, bofya C: (partisheni ya Windows) kwa kitufe cha kulia, kisha chagua “Réduire le volume”. Hapo wengi hukwama, kwani diski ina gigabaiti 200 tupu na Windows inakubali kutoa 9 tu. Haikudanganyi: kuna mafaili ambayo haiwezi kuyahamisha inapofanya kazi, na moja likikaa karibu na mwisho huzuia nafasi yote tupu iliyo kabla yake isitolewe. Mtuhumiwa wa kwanza ni faili la usingizi, hiberfil.sys. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, nalo litafutika. Lisipotosha, ondoa kwa muda faili la kumbukumbu pepe, washa upya, upunguze, kisha ulirudishe.

Amri ya powercfg ina faida ya pili. Inazima pia “démarrage rapide”, ile hila inayoifanya Windows isizimike kabisa bali ilale nusu. Linux ikiikuta partisheni ya NTFS (mpangilio wa mafaili unaotumiwa na Windows) katika hali hiyo, kwa kawaida huifungua kwa kusoma tu au hukataa kuifungua, na mtu huanza kudhani kwamba diski imeharibika.

Kabla ya yote hayo, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoficha data kwa ufunguo. Kijana mmoja aliniletea laptopu mpya yenye Windows 11 na kuniambia, “Papa, mimi sijaweka ufunguo wowote.” Ni kweli hakuweka, laptopu nyingi za aina hiyo hujifunga zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Tuliutafuta, akaandika tarakimu zake 48 kwenye daftari huku mimi nikizisoma mara mbili. Tulipobadilisha mipangilio ya kuwasha mashine, skrini ya buluu iliziomba zote.

Kuhusu ukubwa, usishangae diski ya gigabaiti 500 ikionekana kuwa na 465. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024. Linux Mint, toleo la Linux ninalolisakinisha, inataka angalau gigabaiti 20, lakini mimi huipa 60, na nikipata nafasi natenga partisheni ya tatu ya NTFS kwa hati ambazo mifumo yote miwili itazifungua.

Wakati wa kusakinisha Mint, chagua “Autre chose”, wala si chaguo la kufuta diski yote. Utaona partisheni ndogo ya EFI, mara nyingi ya megabaiti 100: itumie, lakini usiiformati, maana ndimo Windows inamoanzia. Chagua pia kibodi ya Kifaransa kabla ya kuandika nenosiri. Rafiki yangu aliacha ya Kimarekani, akaandika nenosiri lenye herufi a, na mfumo ukapokea q. Baada ya kurekebisha kibodi hakuweza tena kuingia.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini ndilo lililomrudisha dada yangu kwangu. “Yaya, huyu mteja alinunua saa kumi na mbili na dakika 40 asubuhi, wakati duka lilikuwa bado limefungwa?” Linux huandika saa ya UTC (saa ya rejea ya dunia) ndani ya mashine, nayo Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa, ambayo iko mbele kwa saa mbili. Dukani hakuna intaneti ya kuirekebisha. Niliingia Linux, nikaandika timedatectl set-local-rtc 1, nikarudi Windows na kuirekebisha saa kwa mkono. Fakture iliyofuata ilitoka na saa sahihi, naye akaniuliza tena kuhusu zile za zamani.