Kupaka rangi kuta za nje za nyumba ya zamani: tafuta maji kwanza

Nyumba nyingi za bloku na lipu ya saruji zilizojengwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa miaka ya 1970 na 1980 zimepakwa rangi juu ya rangi, na kila mara inabanduka palepale. Mwenye nyumba huilaumu rangi, akanunua ya bei kubwa zaidi, na mwakani anaokota magamba yaleyale. Mara nyingi rangi haina kosa. Ukuta una maji, au una vumbi.

Izunguke nyumba kabla hujamwita fundi. Malengelenge na unga mweupe wa chumvi futi mbili tatu kutoka chini ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Katika nyumba za zamani uwanja huinuka polepole kwa kifusi, bustani na zege la baraza, hadi udongo unafunika mkanda wa kuzuia unyevu, lile tabaka la nailoni au lami lililolazwa juu ya msingi. Chimba mpaka ardhi iwe sentimita 15 chini ya mkanda huo, kisha weka mteremko wa kupeleka maji mbali. Michirizi myeusi chini ya paa inatoka kwenye gata. Doa moja katikati ya ukuta wa bafuni ni bomba. Doa la kahawia juu ya dirisha ni nondo ya linta (boriti ya zege juu ya dirisha) iliyoshika kutu, na kwenye upepo wa bahari hili ni la kawaida: bomoa mpaka chuma kionekane, kisugue kwa brashi ya waya, kipake rangi ya kuzuia kutu, ndipo uzibe. Ukiziba juu juu, kutu huvimba na kuisukuma lipu nje tena.

Huna uhakika kama ukuta umekauka? Bandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa selotepu, uiache usiku na mchana. Matone yakijikusanya upande unaotazama ukuta, subiri. Ndiyo maana kazi hii hupangwa Juni hadi Septemba, masika yakishapita na vuli bado.

Sasa gonga lipu kwa mpini wa nyundo. Inapolia kama debe tupu, imeachana na bloku; ikate kwa mraba hadi ufike panapolia kavu. Loanisha bloku kabla ya kupiga lipu mpya: saruji kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitano, tabaka lisizidi milimita 15. Mchanga wa ufukweni usiuguse, chumvi yake itatoka ukutani miaka yote. Mwagilia maji wiki nzima, kisha acha kiraka wiki nne bila rangi. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosana na wateja, kwa sababu hakuna anayetaka kungoja. Lakini saruji mbichi ni kali, na rangi ya mafuta juu yake hugeuka utelezi.

Rangi ya zamani iliyolegea iondolewe kwa skrepa. Iliyoshika iache. Kama ni rangi ya mafuta ya miaka mingi, hasa kwenye fremu na ule ukanda wa rangi chini ya ukuta, inaweza kuwa na risasi, madini yenye sumu: ilowanishe unapokwangua, usipige msasa mkavu, na watoto wasiwe karibu. Ukungu na fangasi vipakwe jiki, kopo moja kwa makopo matatu ya maji, viachwe dakika 20 ndipo vioshwe. Jiki isichanganywe na dawa ya choo; mvuke wake ni sumu. Karibu na bahari ukuta mzima uoshwe kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi.

Ukishakauka, pitisha kiganja. Kikitoka na unga mweupe, praima ya kawaida, ile rangi ya kutangulia koti, haitoshi. Unahitaji ile ya kushikilia ukuta unaotoa unga. Mashimo na nyufa ndogo zijazwe kwa simenti nyeupe au pati iliyoandikwa ni ya nje. Jipsamu ni ya ndani tu, mvua huilainisha. Ufa wa mshazari kwenye kona ya dirisha unaoendelea kupanuka si kazi ya mpaka rangi.

Hesabu ni rahisi. Nyumba ya mita 10 kwa 8, ukuta wa mita 3, ina mita za mraba 108. Toa 15 za milango na madirisha, zinabaki 93. Lita moja ya rangi ya maji ya nje hufunika mita za mraba nane hivi, kwa hiyo makoti mawili ni ndoo ya lita 20 na galoni moja ya lita 4. Praima galoni tatu. Kama lipu ni ya chengachenga, ongeza karibu nusu. Nunua yote siku moja na uichanganye kwenye pipa moja, maana ndoo mbili za rangi moja zinaweza kupishana. Maji ya kuchanganya yasizidi kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Simama hapo fundi anapochanganya.

Fuata kivuli: ukuta wa magharibi asubuhi, wa mashariki alasiri. Anzia juu, maliza ukuta kona hadi kona bila kupumzika katikati, la sivyo maungio yataonekana.

Haya yote ni kwa lipu ya saruji. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe au Lamu, zinapumua, na rangi ya plastiki hufungia unyevu ndani. Hizo zinataka chokaa iliyozimwa, ikachujwa, ikawa nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta, paka kwa brashi, koti moja kwa siku, matatu hadi matano. La kwanza litaonekana kama maji matupu na litaanza kuwa jeupe likikauka. Likifunika ukuta papo hapo, ni zito na litapukutika.