Onyo la ardhi linalia kwenye ndege na mlima hauuoni: kabla hujavuta sakiti breka, soma hapa

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Mna Cessna 206 mliyoinunua Marekani mwaka jana, mnaruka Arusha hadi Serengeti, na tangu ifike kile kisanduku cha GPS kinapiga kelele "Terrain! Pull up!" karibu kila mnapotua, na mara mojamoja hata mkiwa juu, anga jeupe, mlima uko mbali. Fundi mmoja kasema kifaa kibovu, badilisha. Mwingine kasema vuta sakiti breka yake, ile swichi ya kukata umeme, uishi kwa amani. Tulia kwanza, usimsikilize yeyote kati yao.

Nipo kwenye avioniki, yaani vifaa vya umeme na redio vya ndege, hapa Arusha mwaka wa 16 huu, na onyo la uongo la ardhi nimelifukuza kwenye ndege nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Hicho kisanduku hakioni kitu. Ndege kubwa zina altimita ya redio inayopima umbali hadi chini moja kwa moja. Ya kwako haina. Yenyewe inachukua mahali ulipo na urefu wako kutoka GPS, inalinganisha na ramani ya miinuko iliyo kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha inaangalia orodha ya viwanja kujua kama unashuka kutua au unashuka kufa. Kosa likiingia kwenye kimojawapo, mama wa kwenye spika anaanza kulalamika.

Kwa maelezo yako naona una matatizo mawili yamevaa nguo moja.

La kutua ndilo jepesi. Ndege zikitoka Marekani, mara nyingi kadi ya viwanja inakuja na eneo la kule tu, wakati ramani ya milima ni ya dunia nzima. Matokeo yake kisanduku kinaujua Meru vizuri kabisa, ila hakijui kama chini yake kuna uwanja unaitwa Arusha. Kwa akili yake, ndege inashuka taratibu kuelekea shambani. Lazima kipige kelele. Nenda kwenye ukurasa wa viwanja vya karibu, ndege ikiwa imeegeshwa pale pale Arusha. Usipoona HTAR, ambayo ni alama ya uwanja wa Arusha, jibu umelipata bila kufungua hata skrubu moja. Nunua kadi ya eneo letu na uisasishe. Data hizo hutolewa upya kila baada ya siku 28.

Hata ukiwa na kadi sahihi, kuna viwanja vya vumbi huko mbugani ambavyo havimo kwenye orodha. Hapo onyo litaendelea, na si ubovu. Kuna kitufe cha kuzuia onyo kwa muda. Kitumie uwanja ukiwa umeuona kwa macho, mwambie mwenzako kwa sauti, na ukiondoka kirudishe. Kiandikeni kabisa kwenye orodha ya ukaguzi ya baada ya kuruka, maana ndicho kinachosahaulika. Breka ni habari nyingine: ikishavutwa hakuna anayekumbuka kuirudisha, na kwenye ndege zingine inazima na vitu vingine. Novemba 2017 ndege aina ya Cessna Caravan iliyokuwa inaelekea Seronera iligonga mlima eneo la kreta ya Empakaai, watu 11 wote wakafariki. Ni njia hiyo hiyo unayopita wewe, na mlima Loolmalasin pale jirani unazidi mita 3,600.

Halafu kuna maonyo yanayoitwa ya uongo kumbe ni ya kweli. Nahodha mmoja aliniletea malalamiko kuhusu uwanja wa Manyara. Ule uwanja uko juu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na ziwa liko chini kabisa, kama mita 960 kutoka usawa wa bahari. Yeye alipenda kuwaonyesha wageni ziwa, anapita chini juu ya maji, halafu anapanda kukabili ukingo. Kisanduku kilikuwa kinamwambia kitu sahihi. Ongeza kwamba ramani za zamani zina vipimo vilivyoachana sekunde 30 za tao, yaani karibu kilomita moja, kwa hiyo genge lililosimama wima kama ukuta linageuka mteremko kwenye skrini. Nilimrudishia karatasi yake nimeandika: kifaa kizima.

Sasa la pili, la angani, ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka fulani tulikuwa na 206 yenye ugonjwa kama wako. Ilikuwa inalia ovyo, leo Karatu, kesho juu ya tambarare za Ndutu. Tulibadilisha kisanduku, tatizo likabaki. Tukabadilisha antena, likabaki. Mwenye ndege akaanza kuniangalia vibaya. Mwisho nilinunua daftari la shule, nikalifunga kwa kamba pembeni ya kiti cha rubani, nikawaomba marubani waandike mambo manne kila inapolia: saa, mahali, altimita ya kawaida (ile inayopima urefu kwa mgandamizo wa hewa) inasema ngapi na GPS inasema ngapi, na nani alikuwa anafanya nini muda huo.

Hapo kwenye urefu kuna siri wengi hawaijui. Huku kwetu ni joto, na hewa ya joto inafanya altimita isome chini kuliko urefu halisi, takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi joto la kawaida la urefu huo. Ukiwa futi 9,500 baada ya kuondoka Arusha, GPS kukuzidi altimita kwa futi 200 au 300 ni kawaida kabisa, usihangaike nayo. Ila ukikuta GPS iko chini ya altimita, simama hapo. Kwenye lile daftari, kila ilipolia, GPS ilikuwa chini. Mara moja ilikuwa chini kwa futi 600.

Na safu ya nne ndiyo iliyonifungua macho. "Naita ofisi." "Naongea na kampuni." "Natoa muda wa kufika." Karibu kila mstari, kuna mtu alikuwa amebonyeza kitufe cha redio.

Masafa ya redio ya ofisi yao yalikuwa 131.275 MHz. Zidisha mara 12 unapata 1575.3, na GPS inasikiliza kwenye 1575.42 MHz. Redio ya VHF, ile ya kuongelea, haitoi masafa yake peke yake, inatoa na vivuli vyake, yaani masafa hayo hayo yakizidishwa mara mbili, tatu na kuendelea, na kivuli cha 12 kilikuwa kinaangukia sikioni mwa GPS. Ishara ya satelaiti ikifika huku chini ni dhaifu mno, haihitaji kelele kubwa kuzimwa. Mara nyingi ishara ikizimwa hivyo kisanduku kinakata tamaa na kuandika kwamba huduma ya onyo la ardhi haipatikani. Lakini zikibaki satelaiti chache zimekaa upande mmoja, kinaendelea na hesabu mbovu, na urefu ndio unaoyumba kwanza. Afrika Mashariki hatuna ule mfumo wa kusahihisha GPS walionao Marekani na Ulaya, kwa hiyo hakuna wa kukuokoa.

Jaribio lake halina gharama. Toa ndege nje ya hanga, anga wazi, subiri GPS ishike vizuri, fungua ukurasa wa satelaiti. Hakikisha masafa hayana mtu, kisha bonyeza redio sekunde 35 kwenye 121.150, 121.175, 121.200, halafu 131.250, 131.275 na 131.300. Zile tatu za kwanza ni hatari kwa kivuli cha 13. Redio zikiwa mbili, rudia kwa kila moja. Mimi nilikaa na msaidizi wangu ndani, jua la saa nane, milango wazi. Kwenye 131.275 ile mistari ya nguvu ya satelaiti ikaporomoka mmoja baada ya mwingine kama nyumba za mtaa umeme unapokatika. Nikaachia kitufe, ikapanda. Kijana akasema, "Bosi, rudia."

Nilidhani mchawi ni antena ya VHF iko karibu mno. Haikuwa hivyo. Nilienda mkiani nikachomoa waya wa antena ya ELT, ile redio ya dharura, tukarudia jaribio: mistari haikutikisika. ELT yenyewe ilikuwa ya kizazi cha masafa ya 121.5 MHz tu, ambayo satelaiti ziliacha kuisikiliza tangu Februari 2009, na saketi zake zilikuwa zinameza sauti ya VHF na kuitapika upya ikiwa chafu. Tuliweka ya 406 MHz na waya mpya, na tukang'arisha sehemu antena ya GPS inapokaa maana rangi na kutu vilikuwa vinazuia bati kugusana. Kimya tangu siku hiyo. Kile kisanduku cha kwanza tulichokitoa kwa kukilaani kiko kwenye ndege nyingine mpaka leo.

Kwa hiyo fanya hilo jaribio kabla ya kumlipa mtu. Ukichomoa ELT kwa majaribio, funga kitambaa chekundu kwenye usukani ili asije mtu akaruka nayo hivyo. Kisha niletee hapa matokeo: redio ipi, masafa yapi, satelaiti zimebaki ngapi, na picha ya ile kadi ya viwanja. Naweka dau la soda kwamba kibandiko chake kimeandikwa Americas.